Hesabu ya Safari ya Mawindo Milimani

Mtu atembeaye kwa miguu kutoka Kivukoni, Dar es Salaam, hufika Kariakoo baada ya kiasi cha nusu saa. Kati ya sehemu hizo mbili anaweza kupata karibu kila kitu kinachohitajiwa kwa safari ya porini. Kwa miaka mingi ramani za nchi ziliuzwa katika ofisi ya Serikali iliyokuwa Kivukoni; na madukani Kariakoo mna turubai, kamba za katani, magunia, madumu ya maji, chumvi na unga. Lakini kitu cha lazima kuliko vyote hivyo hakiuzwi dukani. Nacho ni hesabu.

Makala haya yanaeleza namna kikundi cha wakazi wenye leseni, wasio na kampuni ya kuwaongoza wala wapagazi, kinavyoweza kupanga safari ya mawindo katika milima ambayo hakijapata kuiona. Jambo hili linagusa masomo ya jiografia, fizikia, biolojia na hisabati kwa pamoja. Litakalodhihirika ni kwamba safari ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho wake: kwanza huulizwa nyama itatokaje mlimani, na baadaye ndipo huulizwa mnyama atapatikanaje.

Fundisho la Kariakoo

Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya mizigo. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba, 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kambi ya kikosi chao cha wapagazi iliwekwa mahali hapo. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, Carrier Corps, ndilo lililogeuzwa na ndimi za wenyeji kuwa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walipoteza maisha katika vita hivyo, wengi wao si kwa risasi bali kwa maradhi, uchovu na uhaba wa chakula.

Sehemu ya msiba huo inaweza kuelezwa kwa hesabu ya kutoa tu. Mpagazi akibeba kilo 25 za chakula, naye akila kilo 1 kwa siku, basi katika safari ya siku 10 za kwenda na 10 za kurudi atakula kilo 20 mwenyewe. Atakachofikisha ni kilo 5. Safari ikiwa ya siku 13 kwenda na 13 kurudi, hatafikisha chochote, na siku ya mwisho atalala na njaa. Hesabu hii haijali ushujaa wa mtu wala cheo cha anayemwamuru. Mwindaji anayepanda mlima asioujua hutawaliwa na hesabu hiyo hiyo.

Sheria na mipaka

Hatua ya kwanza ni kujua mahali palipokatazwa. Nchini Tanzania uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1973, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1978. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 1974 ilifuatwa na sheria mpya ya mwaka 2009. Leseni hutaja aina ya mnyama, idadi na eneo. Katika hifadhi za taifa, kwa mfano Milima ya Udzungwa, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1992, hakuna uwindaji wa aina yoyote. Na misitu ya mazingira asilia, kama ule wa Uluguru, nayo imehifadhiwa. Kwa hiyo kikundi hakina budi kuuliza kwanza kwa maofisa wa wanyamapori ni maeneo gani yaliyo wazi kwa wakazi katika mwaka unaohusika, kisha kuichora mipaka hiyo juu ya ramani kwa kalamu nyekundu. Mnyama aliyejeruhiwa hautambui mpaka, lakini mwindaji anapaswa kuutambua.

Kusoma mlima juu ya meza

Ramani ifaayo ni ya kipimio cha 1:50,000, ambamo sentimita 2 ni kilomita 1 ya ardhi. Mistari ya kontua huunganisha mahali penye mwinuko ulio sawa. Tofauti ya mwinuko baina ya mstari na mstari huandikwa pambizoni, na ni lazima isomwe kabla ya kuanza hesabu. Ikiwa ni meta 20, basi mistari 10 iliyosongamana katika sentimita 1 ni mpando wa meta 200 katika mwendo wa meta 500. Huo ni mteremko mkali, ambao mtu mwenye mzigo atauogopa hata wakati wa kushuka.

Muda wa mwendo waweza kukadiriwa kwa kanuni iliyotolewa na mpanda milima wa Scotland, William Naismith, mwaka 1892. Kwa kuigeuza katika vipimo vya meta, kanuni hiyo husema: saa 1 kwa kila kilomita 5, na kuongeza saa 1 kwa kila meta 600 za kupanda. Ichukuliwe kwamba gari litaachwa kwenye mwinuko wa meta 900, na kwamba mgongo wa mlima unaotarajiwa kuwa na wanyama uko kwenye meta 1,500, mwendo wa kilomita 6. Kilomita 6 ni saa 1 na dakika 12, na kupanda ni saa 1. Jumla ni saa 2 na dakika 12. Hesabu hii ni ya mtu mwenye afya asiye na mzigo mzito, aendaye katika njia. Penye vichaka au mawe, muda huzidi.

Maji yatazamwe kwa makini zaidi. Msimu wa uwindaji kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai, yaani wakati wa kiangazi katika sehemu kubwa ya nchi, na mito inayochorwa kwa mistari iliyokatikakatika aghalabu huwa imekauka. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mtu anayehitaji lita 4 kwa siku, akikaa siku 5 mahali pasipo na maji, atalazimika kubeba kilo 20 za maji peke yake. Kwa hiyo kambi huwekwa kwa kufuata maji ya kudumu, na habari za maji hayo huulizwa kwa wanakijiji wanaoishi chini ya mlima. Wao ndio wajuao chemchemi ipi hukauka mwezi wa Septemba na ipi haikauki.

Hata chakula huchaguliwa kwa kufikiria mwinuko. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi pwani, lakini hupungua kiasi cha nyuzi 1 kwa kila meta 300 za kupanda. Kwenye meta 1,500 huchemka karibu na nyuzi 95. Maharage, ambayo hata mjini hutaka moto mrefu, huko hutaka moto mrefu zaidi.

Upepo

Mwanafunzi wa Kivukoni anaweza kujifunza pepo za milimani bila ya kuondoka ufukweni. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya baharini huja kujaza nafasi yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na hewa huelekea baharini. Ndio upepo wa alfajiri ambao wavuvi huuita umande na kuutumia kutweka matanga.

Milimani kanuni ni hiyo hiyo. Usiku na alfajiri hewa iliyopoa ni nzito, nayo hutiririka kutoka kilele kwenda bondeni. Jua likishachoma miteremko, hewa hupata joto na kupanda. Miteremko itazamayo mashariki hutangulia kugeuza mwelekeo, kwa sababu ndiyo ipatayo jua la kwanza. Wanyama wengi wenye kwato hutegemea pua kuliko macho. Kwa hiyo alfajiri mwindaji huwaendea kutoka chini, ili hewa ishuke kumwelekea yeye. Hewa ikishageuka, huwaendea kutoka juu. Kambi nayo isiwekwe juu ya bonde wanamolala wanyama, kwa maana moshi na harufu ya watu vitateremka usiku kucha.

Uzito wa mnyama

Sasa yafikiwe mambo yaliyo kiini cha mpango. Ichukuliwe kwamba kikundi kina watu wanne, na kila mmoja, pamoja na vifaa vyake, anaweza kushuka na kilo 20 za nyama. Kwa makadirio, nyama isiyo na mifupa ni kama sehemu mbili kwa tano za uzito wa mnyama. Ichukuliwe pia kwamba kushuka na mzigo kwa zile kilomita 6 huchukua saa 3.

Pongo dume wa kilo 60 hutoa kilo 24. Watu wawili wanatosha kumbeba. Kongoni wa kilo 160 hutoa kilo 64. Watu wote wanne watabeba kilo 16 kila mmoja na kushuka mara moja. Nyati wa kilo 650 hutoa kilo 260. Kikundi hubeba kilo 80 kwa safari moja, hivyo kitashuka mara nne na kupanda mara tatu. Kushuka ni saa 12, kupanda ni saa 6 na dakika 36, jumla saa 18 na dakika 36 bila ya kupumzika. Katika nchi iliyo karibu na ikweta, ambako mchana una saa 12 hivi, kazi hiyo ni ya siku mbili.

Nyama haingoji siku mbili. Bakteria, wakipata joto na unyevu wa kutosha, huweza kuongezeka maradufu katika muda wa dakika 20 au 30. Kwa kipindi cha dakika 30, bakteria mmoja huwa 2, kisha 4, kisha 8. Baada ya saa 6 huwa 4,096. Baridi hupunguza kasi hiyo, na ndiyo sababu wauza samaki wa soko la Feri, pale pale Kivukoni, hawaachi kununua barafu. Mlimani hakuna barafu. Hewa hupoa kiasi cha nyuzi 6 na nusu kwa kila meta 1,000 za kupanda, jambo ambalo husaidia, ila halitoshi.

Ukubwa wa mnyama ni adui wa pili. Mchemraba ukiongezwa pande zake maradufu, eneo la uso wake huwa mara 4, lakini ujazo wake huwa mara 8. Joto la mwili hukaa katika ujazo na hutokea usoni. Ndiyo kusema mnyama mkubwa hupoa polepole kuliko mdogo, na nyama iliyo karibu na mfupa wa paja huanza kuoza wakati ya juu ingali nzuri. Dawa yake ni kuchuna mara moja, kutoa matumbo, kukata vipande, na kuvitundika kivulini penye upepo, vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa chepesi cha pamba dhidi ya nzi. Iwapo haiwezekani kuteremka siku hiyo, nyama hukatwa vipande vyembamba, hutiwa chumvi, hukaushwa au kubanikwa juu ya moshi, kama wenyeji wa misitu ya miombo walivyofanya tangu zamani.

Saa ya kuacha

Hesabu zote hizi huishia katika namba moja ambayo kila mmoja wa kikundi huiandika kabla ya kuondoka mjini. Jua huchwa kiasi cha saa 12 na nusu jioni, na giza huingia upesi katika nchi za ikweta. Kushuka na mzigo ni saa 3. Kuchuna na kukata kongoni ni saa 2. Kumfuata mnyama aliyepigwa, na dharura nyingine, kutengewe saa 1. Jumla ni saa 6. Kwa hiyo risasi ya mwisho ya siku ni ya saa 6 na nusu mchana.

Hapa ndipo penye mtihani. Wanyama wengi hutoka kula alfajiri na jioni. Kikundi kilichotembea siku tatu bila ya kuona kitu huenda kikamwona kongoni mzuri saa 11 jioni, amesimama ubavu, karibu kabisa. Mpango unasema aachwe. Akipigwa, watu watashuka genge gizani wakiwa na mizigo migongoni, au watamwacha mnyama alale na joto lake hadi asubuhi, na fisi wakiwa karibu. Katika hali ya kwanza huenda mtu akavunjika mguu. Katika ya pili kiumbe kimeuawa bure. Vivyo hivyo kwa nyati: hata leseni ikimruhusu, kikundi cha watu wanne kilichoko kilomita 6 kutoka garini hakina haki ya kimahesabu ya kumpiga.

Uamuzi huo ni mgumu kwa mtu mwenye bunduki mkononi na njaa tumboni. Ni rahisi kwa mtu aliyeketi mezani akiwa na ramani na penseli. Ndiyo sababu unapaswa kufanywa mezani.

Mazoezi

1. Kikundi cha watu watatu, kila mmoja akibeba kilo 20 za nyama, kinamwinda kongoni wa kilo 160 mahali palipo kilomita 4 kutoka garini na mpando wa meta 300. Je, kitashuka mara ngapi? Tafuta saa ya risasi ya mwisho, ukichukulia kwamba kila mshuko huchukua saa 2.

2. Jaza maji ya moto katika chupa ya chai ya kioo ya nusu lita na katika nyingine ya lita mbili, yakiwa na joto lililo sawa. Pima joto kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa 1, na uchore grafu. Eleza matokeo kwa kutumia uhusiano wa uso na ujazo.

3. Tazama mwelekeo wa moshi au bendera karibu na ufuko au kilima cha jirani saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni kwa siku tano. Linganisha na maelezo ya makala haya.

4. Mpagazi anabeba kilo 25 za chakula na kula kilo 1 kwa siku. Anatakiwa kufikisha kilo 15 na kurudi. Je, aweza kwenda umbali wa siku ngapi?