Kompyuta ya Duka Inasumbua? Rekebisha Faili za Windows 7 Bila Kupoteza Hesabu Zako

Pengine bado unayo ile kompyuta ya zamani ya Windows 7 hapo kwa kaunta. Ndiyo inayobeba orodha ya wateja wa mkopo, hesabu za stoo na taarifa za malipo ya tili unazohifadhi kila mwezi. Halafu siku moja stima inapotea ghafla, na tangu hapo kompyuta inakuwa na visanga: programu zinajifunga zenyewe, ama unaambiwa faili fulani ya .dll haipo.

Kabla hujamlipa fundi afute kila kitu na kuanza upya, jaribu somo hili. Halina gharama.

Shida iko wapi?

Windows ina faili zake za ndani ambazo inazilinda. Stima ikikatika vibaya, diski ikichoka ama virusi vikiingia, baadhi ya faili hizo zinaweza kuharibika. Lakini Windows 7 huweka nakala zake pembeni. Ni kama kitabu cha risiti chenye kaboni: ya juu ikichanika, unarudi kwa nakala. Kifaa kinachofanya kazi hiyo kinaitwa SFC, na tayari kiko ndani ya kompyuta yako. Hakigusi hesabu, picha wala barua zako.

Hatua kwa hatua

1. Nakili hesabu zako kwenye flashi kwanza, kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Ukisikia diski inakwaruza ama kugonga, ishia hapo na umuone fundi. Hiyo ni diski inayokufa.
2. Funga programu zote. Kama ni laptopu, iweke kwa chaji.
3. Bofya Start, andika cmd. Jina likitokea, libofye kwa kitufe cha kulia cha mausi na uchague "Run as administrator". Ukiulizwa kama unakubali, bofya Yes.
4. Kwenye dirisha jeusi andika sfc /scannow kisha ubonyeze Enter. Acha nafasi moja baada ya sfc.
5. Subiri hadi ifike asilimia 100. Mashine ya zamani inaweza kuchukua nusu saa ama zaidi. Usifunge dirisha, usizime.

Soma jibu lake

"Did not find any integrity violations": faili ziko sawa. Tafuta shida kwingine, kama vile virusi, diski ama memori.

"Found corrupt files and successfully repaired them": zilikuwa zimeharibika na zimerekebishwa. Zima, washa tena, uangalie.

"Found corrupt files but was unable to fix some of them": kuna zilizokataa. Washa upya huku ukibonyeza F8 mara kadhaa kabla nembo ya Windows haijatokea, chagua Safe Mode, urudie hatua ya 3 hadi 5. Zikikataa tena, andika chkdsk C: /r, jibu Y, uwashe upya. Hii hukagua diski na inaweza kuchukua masaa, kwa hivyo ianze jioni ukifunga duka. Kisha rudia SFC. Bado? Sasa ni kazi ya fundi.

Imepona, lakini si salama kwa pesa

Hapa ndipo wengi hukosea. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mianya inayogunduliwa baada ya hapo inabaki wazi, na SFC haiizibi. Pia haiondoi virusi. Kompyuta inaweza kufanya kazi vizuri kabisa huku kuna programu iliyojificha inayonakili kila unachoandika.

Kwa hivyo itumie kuandika hesabu. Malipo, kutuma pesa na kuangalia salio, fanya kwa simu yako. Kama uliwahi kuingia kwenye akaunti yako ya malipo ukitumia kompyuta hiyo, badilisha nywila leo, ukitumia simu. Na kama uliandika PIN kwenye faili yoyote humo, ifute kabla hujampelekea fundi mashine.

Ukipigiwa simu

Kuna matapeli wanaopiga wakijiita mafundi wa Windows, ama wahudumu wa kampuni ya malipo, ati wameona kompyuta yako ina kasoro. Kumbuka hatua ulizosoma hapa: hakuna hata moja inayohitaji PIN, ada, ama nambari ya siri uliyotumiwa kwa ujumbe. Akikuomba mojawapo, si fundi. Kata simu, kisha utupigie kwa nambari yetu ya huduma kwa wateja unayoijua, si ile atakayokupa yeye.