Gitaa la mapajani: vidole vitupu au kucha za bandia?

SWALI: Napiga gitaa la kulaza mapajani, lile la kutelezesha chuma, kanisani kwetu Kaloleni. Kucha za bandia zinanikwaza. Nikipiga kwa vidole vitupu, nitakuwa nakosea?

JIBU: Hukosei hata kidogo. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alidonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada tu, na wapigaji wengi wa Kenya wakamfuata. Yeye hakulaza gitaa, lakini kazi ya mkono wa kulia ni ileile.

Tena kwenye gitaa lako vidole vitupu vina faida kubwa: kuzima mlio. Chuma kikilala juu ya nyuzi, hata zile usizozitaka hulia, kwa hiyo kuzizima ni nusu ya ufundi wenyewe. Nyama ya kidole hurudi juu ya uzi na kuunyamazisha taratibu. Kucha za bandia hugonga, na mgongano huo husikika hadi viti vya nyuma.

Utakachopoteza ni nguvu na ukali wa sauti. Donoa karibu zaidi na daraja, ongeza sauti nyembamba kwenye amplifaya, na uache ukucha wa gumba uzidi nyama kidogo. Kama gitaa lako si la umeme na kwaya ni kubwa, omba maikrofoni. Usikazane kuvuta nyuzi kwa nguvu, kwani utapata malengelenge na mdundo utayumba.