SOMO LA MWEZI: MSHAHARA MDOGO WA JUMA, NA MBWA NA PAKA WETU



Katika mikutano yetu hapa Molo, Tororo, na kule Busia na Malaba, tumezungumza mara nyingi juu ya mshahara usiofika mwisho wa juma. Kila mara mtu mmoja huuliza: "Mtu asiyeshiba mwenyewe, ya nini kufuga mbwa?" Wengine hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu swali hilo lilinigharimu. Leo tulisome pamoja, na mwenye kalamu aandike hesabu yake pembeni.

1. MBWA NA PAKA NI WAFANYAKAZI WA NYUMBA

Wengi wetu hatukuleta mbwa nyumbani kwa anasa. Mfanyakazi wa zamu ya usiku kiwandani humwacha mke na watoto peke yao. Mkata miwa huondoka kabla ya alfajiri. Kuku wachache na mbuzi mmoja ndiyo benki ya nyumba, na mlinzi wao ni mbwa. Paka naye hulinda gunia la mtama na mahindi. Panya hula, hukojolea na kutoboa gunia, na hasara yake huionekani mpaka gunia linapokuwa jepesi.

Basi hao ni wafanyakazi. Sisi katika chama husema kila mfanyakazi ana haki ya chakula na matibabu. Tajiri anayetumikisha watu bila kuwalisha tunamlaumu. Je, sisi tunamlishaje mbwa wetu? Wengi tunamwachia ajitafutie. Mbwa anayejitafutia huzurura sokoni na machinjioni, hupigana na mbwa wasiojulikana, kisha hurudi nyumbani na ugonjwa. Shida inaanzia hapo.

2. KISA CHANGU MWENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kibarua wa kupakia mizigo. Nilikuwa na mbwa aitwaye Askari. Nilimpa mabaki yakiwapo, na yasipokuwapo alikwenda zake. Siku ya chanjo ilipotangazwa kijijini sikumpeleka. Nilisema, "Nikikosa kibarua leo, watoto watakula nini?" Nilijiona nimeokoa fedha.

Baada ya miezi michache Askari alirudi na jeraha la kuumwa shingoni. Majuma yalipita, kisha akaanza kukataa maji, akatokwa na mate, akamwuma mwanangu wa miaka saba mkononi. Kituo cha kwanza tulichokimbilia hakikuwa na dawa. Nilikopa kwa mtu wa riba ili twende mbali zaidi. Mtoto alipata sindano zote na akapona, namshukuru Mungu. Askari alikufa siku chache baada ya kuuma. Deni lile lilikula mishahara yangu ya majuma tisa, na muhula ule mtoto mkubwa hakwenda shule.

Nasema haya bila aibu ili mwenzangu asiyarudie. Sikuwa maskini kwa sababu ya mbwa. Kosa langu ni kwamba sikumwingiza katika hesabu.

3. HESABU YA JUMA

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, wewe weka tarakimu zako. Kibarua anapata shilingi za Uganda 7,000 kwa siku, siku 6. Juma moja ni shilingi 42,000. Agawe hivi siku ileile ya malipo, kabla ya kupita dukani:

Chakula cha nyumba: 22,000
Kodi na makaa: 6,000
Shule na sabuni: 5,000
Akiba: 3,000
Kulipa deni: 3,000
Mbwa na paka: 2,000
Ada ya chama: 1,000
Jumla: 42,000

Tazama fungu la wanyama. Katika zile 2,000, tumia 1,500 kwa chakula. Zile 500 tia katika kopo lenye tundu, lisifunguliwe ila kwa chanjo na dawa ya minyoo. Shilingi 500 kwa majuma 52 ni shilingi 26,000 kwa mwaka.

Sasa tazama upande wa pili. Mtu akiumwa na mbwa mwenye kichaa, sindano huanza siku ileile, kisha siku ya 3, ya 7, na nyingine baadaye. Tuseme ni safari nne tu. Mzazi hukosa kibarua mara nne: 7,000 mara 4 ni 28,000. Hapo hujalipa nauli wala dawa, wala hujalipa riba. Siku za kazi zilizopotea peke yake zimeshapita kopo la mwaka mzima.

Ukiona hata 2,000 hazipatikani, punguza idadi ya wanyama badala ya kupunguza chakula chao. Mbwa mmoja aliyeshiba hulinda kuliko watatu wenye njaa. Katika laini za wafanyakazi, nyumba tatu zinazopakana zinaweza kufuga mbwa mmoja kwa pamoja na kuchanga. Jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mwulize ofisa wa mifugo juu ya kuhasi. Watoto wa mbwa wanaotupwa kando ya njia leo ndio mbwa wazururaji wa mwakani.

4. CHAKULA CHA BEI NAFUU

Mbwa hula karibu kila kinachopikwa nyumbani. Posho, yaani ugali, iliyochanganywa na maji yaliyochemshiwa mukene inamfaa. Mukene ndiyo omena ya wenzetu wa ng'ambo ya mpaka. Omba sokoni ile iliyovunjika, huuzwa rahisi. Pumba safi ya mahindi ikipikwa vizuri huongeza wingi. Mpe mara moja au mbili kwa siku, saa ileile, na maji safi siku zote. Mbwa anayejua saa ya chakula hakai mbali na nyumba.

Paka ni tofauti. Mwili wake unataka nyama au samaki, na posho tupu haimtoshi hata akashiba. Wengine humnyima kabisa ili awinde. Paka mwenye njaa huhama, au hudokoa chungu cha jirani na kuleta ugomvi. Kiganja kidogo cha mukene kwa siku humfanya akae, na panya atawinda bado, kwani kuwinda ni tabia yake.

Vitu vya kuepuka:

(a) Mahindi yenye kuvu. Wengi husema, "Haya hayafai watu, wape mbwa." Sumu ya kuvu huua mbwa pia. Mwaka 2004 nchini Kenya, sumu hiyo ya mahindi iliua watu zaidi ya 100, wengi wao Makueni na Kitui. Kilicho sumu kwako ni sumu kwake.

(b) Maganda ya mihogo michungu, na mihogo mibichi ya aina hiyo.

(c) Mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika kama sindano na kuchoma matumbo.

(d) Matumbo na mapafu mabichi kutoka machinjioni, hasa yenye malengelenge ya maji. Mbwa hupata minyoo humo, na minyoo hiyo huhamia kwa watoto wanaocheza naye. Chemsha kwanza.

(e) Sumu ya panya mahali paka anapowinda. Utalipia sumu, kisha utampoteza mwindaji wako.

5. KICHAA CHA MBWA

Ugonjwa huu ukishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini unazuilika kabisa. Chanjo ya binadamu ilipatikana tangu 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, wakiwamo watoto wengi. Karibu wote hupata ugonjwa kwa mbwa.

Ukiumwa au mtoto akiumwa, fanya hivi:

Kwanza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayomwagika kwa dakika 15. Usitie majivu, mafuta ya taa wala pilipili.

Pili, nenda kituo cha afya siku ileile, hata kama jeraha ni dogo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Tatu, mjulishe mwenyekiti wa kijiji na ofisa wa mifugo. Mbwa anayeonekana mzima afungwe na kuangaliwa siku 10.

Nne, maliza sindano zote ulizoandikiwa, hata ukijisikia mzima.

Wengine husema dawa ni kuwatilia mbwa sumu wote. Hilo halimalizi ugonjwa, kwani mbwa wapya huja kujaza nafasi. Kinachofaa ni chanjo. Katika kila mbwa 10 wakichanjwa 7, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Na mbwa hawajui mpaka wala hawaonyeshi pasi pale Malaba. Wa Molo akichanjwa na wa Busia asichanjwe, hatujamaliza kazi.

6. KAZI YA CHAMA

Mtu mmoja akienda kwenye chanjo hupoteza siku ya kazi, kama nilivyoogopa mimi. Hapo ndipo umoja unapofaa. Kila tawi liandike orodha ya wenye mbwa na paka. Mjumbe aipeleke kwa ofisa wa mifugo wa gombolola, aombwe aje kambini Jumapili au jioni ya siku ya malipo. Ofisa akiona mbwa 60 wako mahali pamoja, ana sababu ya kuja. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi chanjo hufanywa karibu na siku hiyo. Tusingoje kutangaziwa, twende kuuliza mapema.

Na tusijidanganye, ndugu. Kupanga vizuri mshahara mdogo hakuufanyi uwe mshahara wa haki. Kima cha chini nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kubadili jambo hilo, lakini Rais hakuutia sahihi. Anayejua hesabu ya nyumba yake mpaka chakula cha paka ndiye anayeweza kusimama mbele ya meneja na kusema kwa tarakimu: hiki ndicho kinachoingia, hiki ndicho kinachohitajika, na pengo ni hili. Kwa hiyo tunzeni karatasi zenu za hesabu. Tutazihitaji katika majadiliano.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Andika mapato yako ya juma na ugawe mafungu kama mfano ulivyo. Fungu la wanyama ni shilingi ngapi? Linatoka wapi?

2. Katika laini yenu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu? Je, wanafika 7 katika 10?

3. Nani atapeleka orodha kwa ofisa wa mifugo, na lini?

Mjumbe wa tawi alete majibu ya swali la pili na la tatu katika mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.