Ugonjwa wa Safura: Dalili Zake na Jinsi Unavyotambulikana

Mtu aliyekuwa hodari wa jembe huanza kuchoka kabla jua halijapanda. Akikwea kilima kidogo moyo humwenda mbio na pumzi humpaa. Majirani husema ni mvivu, au amerogwa, naye hupoteza fedha kwa kununua hirizi. Kumbe huenda adui yu tumboni mwake, yaani safura.

Safura huletwa na minyoo wembamba, urefu wao kama sentimeta 1. Mayai yao hutoka pamoja na kinyesi. Yakiangukia udongo wenye joto, unyevu na kivuli, huanguliwa kwa siku 1 au 2. Baada ya siku chache watoto wa minyoo huwa tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Huko Cairo, mtaalamu Arthur Looss alijimwagia mkononi maji yenye vijidudu hivyo. Mkono ukamwasha, na baadaye akayaona mayai katika choo chake mwenyewe.

Dalili ya kwanza ni mwasho miguuni. Vijidudu hupitia mapafuni, na pengine huleta kikohozi. Kisha humezwa, hujishikiza katika utumbo na kufyonza damu. Hapo tumbo huuma, ufizi na kope kwa ndani huwa nyeupe, na uso na miguu huvimba. Mtoto hutamani kula udongo na masomo humshinda. Mama mja mzito yumo katika hatari kubwa zaidi.

Lakini dalili hizo peke yake si ushahidi, kwa maana malaria na chakula hafifu pia hupunguza damu. Ushahidi ni mayai yaonekanayo kwa darubini. Basi mgonjwa apeleke hospitali kinyesi kidogo katika chombo safi, kisichochanganyika na mkojo wala udongo, kipimwe siku ile ile. Mayai huchukua majuma 5 au zaidi kuonekana; kwa hiyo yasipoonekana mara ya kwanza, yafaa kupima tena.

Dawa iko, nayo ni albendazole, pamoja na vidonge vya madini ya chuma vya kurudisha damu. Lakini asiye na choo wala viatu ataambukizwa tena.

Wako waonao haya kupeleka kinyesi chao kupimwa. Na wakumbuke: mficha maradhi, kilio humfichua.