Pasli Karibu na Mlango wa Jiko



Mwezi huu tutajifunza mmea mdogo usiohitaji ekari wala nusu ekari. Unaitwa pasli. Majani yake hufanana na ya dania, na kweli ni jamaa: pasli, dania na karoti ni za ukoo mmoja. Hapa kwetu Olenguruone, juu ya mita 2,000 katika nchi ya Mau, baridi huyasumbua maharagwe, lakini pasli huivumilia vizuri. Hata jalidi kidogo, yaani umande ulioganda, haiiui.

Mbona basi haionekani katika bustani nyingi? Waliojaribu husema, "Mbegu zilikuwa mbovu." Mara nyingi mbegu hazina kosa. Kosa ni haraka yetu.

Pasli hukaa ardhini majuma matatu au manne kabla ya kuota, na penye baridi huweza kufika sita. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilingoja siku 18, nikaona tuta tupu, nikatwaa jembe nikalipindua ili nipande sukuma. Ndani ya udongo ule nikaziona mbegu zimeanza kutoa vimizizi vyeupe. Mbegu zile mke wangu alizinunua kwa fedha zake za maziwa, na ilinibidi nimweleze. Basi, yafaa mtu ajifunze kwa hasara yangu.

KAZI YENYEWE

1. Tuta. Chagua mahali karibu na jiko, futi 3 kwa futi 6. Liinue tuta ili maji ya mvua yasituame. Changanya samadi iliyooza kabisa. Mahali pastawipo chai udongo huwa na asidi nyingi, na pasli haiipendi. Nyunyiza konzi chache za majivu ya kuni, kisha changanya.

2. Mbegu. Tumia mbegu mpya. Ziloweke katika maji ya vuguvugu muda wa saa 24.

3. Kupanda. Piga mifereji ya kina cha nusu inchi, futi moja kutoka mmoja hadi mwingine. Tia na mbegu chache za figili. Hizo huota kwa siku chache tu na kukuonyesha mstari ulipo, ili usiipalilie pasli kwa bahati mbaya. Simamisha kijiti chenye tarehe ya kupanda. Usilipindue tuta kabla ya majuma sita kwisha.

4. Kutunza. Udongo usikauke hata siku moja kabla ya mbegu kuota. Miche ikifika inchi 2 au 3, punguza, ubakize nafasi ya inchi 6 hadi 8. Tafuta asubuhi mapema konokono wasio na nyumba; hula miche michanga usiku.

5. Kuvuna. Baada ya miezi mitatu hivi, kata mabua ya nje karibu na ardhi, uache moyo wa mmea uendelee kuchipua. Mwaka wa pili pasli hutoa maua na majani yake huwa machungu. Kwa hiyo panda nyingine mapema.

Pasli ina vitamini A na C. Ikatekate, uitie katika viazi, supu au mayai wakati wa kuepua, kwa maana moto mwingi huiharibu vitamini C.

TAHADHARI

Usichume porini mmea unaofanana na pasli. Katika ukoo huu imo mimea yenye sumu kali. Tena usipande shamba zima kwa kutumaini soko kabla ya kumpata mnunuzi. Anza na tuta moja la nyumbani.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kwa nini tunapanda figili pamoja na pasli? Majivu yana kazi gani? Ukiliona tuta tupu siku ya 18, utafanya nini?

Anayeweza kulijibu swali la mwisho aweke jembe ukutani, achukue kopo la maji.