Somo la afya: Baba naye apimwe kabla ya mimba

Ukipita Barabara ya Karen utaiona nyumba ya mawe yenye paa la vigae ambayo imekuwa makumbusho tangu mwaka 1986. Wageni huonyeshwa samani na kuelezwa habari za shamba la kahawa. Lakini kuna habari nyingine ya mwenye nyumba ile ambayo inafaa zaidi kwa somo la leo. Karen Blixen alifunga ndoa na Bror Blixen mjini Mombasa tarehe 14 Januari 1914. Mwaka wa kwanza wa ndoa ulikuwa haujamalizika vizuri pale daktari wa Nairobi alipomwambia kwamba ana kaswende. Yeye mwenyewe aliamini ameipata kwa mumewe. Alipewa vidonge vya zebaki, ambayo ni sumu, na mwaka 1915 akalazimika kurudi Denmark kutafuta matibabu. Mumewe alionekana mzima, akaendelea na uwindaji wake. Waliachana mwaka 1925, na bibi huyo hakupata mtoto maishani mwake.

Waandishi wa maisha yake bado wanabishana ni maumivu gani ya miaka ya baadaye yaliyoletwa na ugonjwa na ni yapi yaliyoletwa na dawa. Ubishi huo tuwaachie wao. Kinachotuhusu ni mpangilio wa mambo: mke ndiye aliyepimwa, akatibiwa na kusafiri, ilhali mume hakuonekana ana jambo lolote la kuulizwa.

Zaidi ya miaka mia moja imepita na mpangilio huo haujabadilika sana. Wanandoa wakikaa mwaka mmoja au miwili bila mtoto, anayekuja kliniki ni mke. Ana faili nene: picha ya mfuko wa uzazi, vipimo vya homoni, dawa za kupevusha mayai. Ukimwuliza kama mzee amepimwa, jibu huwa, "Yeye hana shida." Nani amesema hana shida? Hakuna. Ni yeye mwenyewe tu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 duniani hukumbwa na tatizo la kupata mtoto wakati fulani maishani. Kitabibu, tatizo lipo pale ambapo wawili wamekutana mara kwa mara kwa miezi 12 bila kinga na mimba haijatunga. Katika takriban nusu ya wanandoa hao, mwanamume ana mchango katika tatizo, ama peke yake au pamoja na mkewe. Kwa hiyo kumpima mke peke yake ni kufanya nusu ya kazi. Isitoshe, nusu hiyo ndiyo iliyo ghali na yenye maumivu, kwa kuwa kipimo cha kwanza cha mwanamume hakihitaji hata sindano.

Lugha yetu nayo imetupotosha kidogo. Mwanamke asiyezaa tumempa majina, tasa na mgumba. Mwanamume tumemwekea neno hanithi, ambalo maana yake ni mtu asiyeweza tendo la ndoa. Basi mwanamume akijiona anaweza tendo, huhitimisha kwamba anaweza na kuzaa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Sehemu kubwa ya majimaji ya shahawa hutoka kwenye tezi zilizo karibu na kibofu. Mbegu zenyewe hutoka kwenye korodani, na ni kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Mtu anaweza kuwa na nguvu tele na shahawa ya kutosha, na ndani yake isiwemo mbegu hata moja. Hilo haliwezi kujulikana chumbani, hujulikana maabara.

Hapa pia ndipo yanapotuponza yale mabango yaliyopigiliwa kwenye nguzo za stima kando ya barabara zetu, yenye nambari ya simu na maneno "nguvu za kiume". Hata pale dawa hiyo inapofanya kazi, inachosaidia ni msimamo, na wala haiongezi mbegu. Katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zilipopimwa, baadhi zimekutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali, jambo la hatari kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mwili wa mwanamume hutengeneza mbegu mfululizo, kila siku. Mbegu moja huchukua karibu siku 74 kukua ndani ya korodani, kisha wiki moja au mbili zaidi kukomaa kwenye mrija ulio nyuma yake. Jumla ni kama miezi mitatu. Maana yake ni kwamba mimba itakayotungwa mwezi wa Desemba inatokana na mbegu zilizoanza kutengenezwa Septemba. Homa kali uliyougua Septemba, pombe uliyokunywa Oktoba na kemikali uliyopuliza Novemba, vyote vilipita pale kiwandani. Jambo hili lina upande wake mzuri pia: mwanamume anayeacha jambo baya leo anaweza kuwa na mbegu bora baada ya miezi mitatu. Mwanamke hazaliwi na bahati hiyo, kwa sababu mayai yake yote alizaliwa nayo.

Korodani ziko nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Ndiyo maana malaria au homa nyingine kali inaweza kushusha idadi ya mbegu kwa wiki kadhaa, kisha ikarudi. Ndiyo maana pia mishipa ya damu iliyovimba kwenye mfuko wa korodani, hasa upande wa kushoto, huleta shida. Hali hiyo huonekana kwa takriban wanaume 15 kati ya 100, wengi wao wakizaa bila taabu, lakini miongoni mwa wanaotafuta tiba ya kukosa mtoto wanafika karibu 40 kati ya 100. Upasuaji mdogo huweza kuirekebisha. Waendeshaji bodaboda pale kituoni huuliza kama kiti cha pikipiki kinawamaliza. Kukaa muda mrefu kwenye joto hakusaidii, kwa hiyo shuka, tembea, na uvae nguo isiyobana. Lakini ningekuwa mwendeshaji ningehofia sigara kuliko kiti.

Katika miaka ya karibuni limeingia jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Baadhi yao jimuni hujidunga testosteroni, yaani homoni ya kiume, ili misuli ijae. Wanadhani homoni ya kiume inaongeza uanaume wote. Kumbe ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huzima amri inayozituma korodani kufanya kazi. Korodani husinyaa na mbegu zinaweza kuisha kabisa. Kwa wengi hurudi baada ya kuacha, lakini inaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kama unajidunga na mnatafuta mtoto, mwambie daktari ukweli. Hatakushtaki, na akikosa kujua hilo atawapotezea muda nyote wawili.

Karen ni mtaa wa bustani. Kuna wanaume wengi hapa, baadhi wakaazi wa Kuwinda na wengine wanaokuja asubuhi kutoka Kibera na Ngong, ambao kazi yao ni kupuliza dawa kwenye nyasi, maua na vitalu vya miche. Ninyi nawaomba mkumbuke kisa cha mwaka 1977 katika kiwanda kimoja cha kemikali huko Lathrop, California. Wafanyakazi wa idara iliyochanganya dawa ya kuua minyoo ya udongo, iitwayo DBCP, waligundua wenyewe katika mazungumzo yao kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, kadhaa walikutwa na mbegu chache mno au hawana kabisa. Walikuwa na afya nzuri kwa mambo mengine yote, na hakuna aliyekuwa amelalamika maumivu. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa matumizi karibu yote Marekani mwaka 1979, lakini funzo lake halijapitwa na wakati: sumu ya mbegu haina dalili. Vaa glavu, gambuti, barakoa na ovaroli. Usipulize upepo ukikujia usoni. Oga kabla ya kwenda nyumbani, na ovaroli isifuliwe pamoja na nguo za watoto. Na wewe mwenye nyumba unayemwajiri mtunza bustani, glavu na barakoa ni jukumu lako kununua.

Mafundi wa betri za magari, nanyi mna adui wenu, madini ya risasi. Hudhuru mbegu, kisha hufuata nguo hadi kwenye mkeka wa mtoto. Wakenya tulijifunza madhara yake Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu mtaa mzima, watoto wakiwemo.

Sigara huharibu chembe za urithi zilizobebwa na mbegu, na tafiti kadhaa zimehusisha uvutaji wa baba kabla ya mimba na ongezeko la hatari ya saratani ya damu kwa mtoto. Pombe nyingi hushusha homoni. Kuhusu miraa, utafiti uliofanywa Yemen kwa watafunaji wa kila siku wa muda mrefu ulikuta mbegu chache na nyingi zenye kasoro. Anayetafuna mara moja moja hayuko katika kundi hilo, ila anayekesha nayo bila kula wala kulala anajiumiza kwa njia zaidi ya moja. Uzito uliozidi na kisukari nayo yamo. Sukari isiyodhibitiwa huharibu mbegu na mishipa ya fahamu ya tendo lenyewe, na wanaume wengi hugundua kwamba wana kisukari walipokuja kulalamikia jambo hilo la pili.

Kuna mambo ambayo hayazuii mimba lakini humfikia mtoto. La kwanza ni kaswende, tuliyoanza nayo. Kidonda chake cha kwanza hakiumi na hupona chenyewe, kwa hiyo mwanamume hudhani amepona. Ugonjwa hubaki ndani miaka. Akimwambukiza mkewe, mimba inaweza kuharibika, mtoto akafia tumboni au akazaliwa nao. Tofauti na mwaka 1914, leo tuna penisilini, na kaswende ya mapema huponywa kwa matibabu ya siku moja. Mama mjamzito hupimwa kaswende na virusi vya UKIMWI kliniki. Lakini akitibiwa yeye peke yake na kurudi kwa mume asiyetibiwa, ataambukizwa tena kabla hajajifungua.

Kwa virusi vya UKIMWI, hatari kubwa zaidi kwa mtoto ni mama kuambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha, kwa kuwa wakati huo virusi huwa vingi sana mwilini. Mwanamume anayeishi na virusi, anayemeza dawa zake na ambaye vipimo havioni virusi kwenye damu, hamwambukizi mkewe kwa kujamiiana na anaweza kuzaa. Asiyejua hali yake ndiye wa kuhofia.

Selimundu ni ya kupimwa kabla ya ndoa, hasa kwa familia zenye asili ya Magharibi, Nyanza na Pwani. Baba na mama wanaweza kubeba chembe yake bila kuugua. Wakiwa wote wawili wanaibeba, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Akiibeba mmoja tu, mtoto hataugua selimundu kwa chembe hiyo pekee.

Na umri? Wazee wetu walizaa wakiwa na miaka 60, ni kweli. Lakini utafiti wa Iceland uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kila mwaka unaoongezeka kwa baba humletea mtoto takriban mabadiliko 2 mapya katika chembe za urithi. Mengi hayana madhara, machache yanayo. Kwa baba mmoja mmoja hatari bado ni ndogo, ila kanuni ya "mwanamume hazeeki" si ya kweli.

Kipimo cha shahawa hufanywa hivi. Kaa bila kutoa shahawa siku 2 hadi 7. Sampuli hutolewa kwenye chupa safi ya maabara, yote bila kumwaga, kwa kuwa sehemu ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi. Usitumie kondomu ya kawaida wala mafuta. Ukitolea nyumbani, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili na uifikishe ndani ya saa moja, na kwa foleni ya Barabara ya Ngong ni afadhali uitolee huko huko. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini cha kulinganishia ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na zinazotembea ziwe angalau 42 kwa kila 100. Ukipata chini ya hapo si hukumu, kwani kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa kabla ya kusema lolote.

Si kila kituo kina kipimo hiki. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, kama Karen au Lang'ata, ueleze shida, upimwe presha, sukari, kaswende na virusi, kisha uombe rufaa ya kipimo cha shahawa. Taja matubwitubwi uliyougua ukiwa kijana, upasuaji wowote wa korodani au ngiri, kutokwa usaha kwenye njia ya mkojo hata kama ni zamani, na kila dawa unayotumia. Mke kama ana faili, liende nawe.