Somo la Mwezi: Sindano ya Nne Isisahaulike



Somo hili ni juu ya chanjo ya malaria kwa watoto wetu. Katibu asome polepole, kisha mjadiliane. Mwenye mtoto chini ya miaka mitatu aje na kitabu cha kliniki.

TUONE HALI YETU

Hapa Kakamega malaria haitupi likizo. Septemba 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo iitwayo RTS,S katika kaunti nane za Magharibi na Nyanza, yetu ikiwemo. Ghana na Malawi zilikuwa zimeanza mwaka huo huo. Kwanza ilitolewa katika baadhi ya kaunti ndogo tu, na mwaka 2023 nyingine zikaongezwa.

Hapo ndipo watu waliuliza: "Mbona sisi tupewe na jirani akose? Tunafanyiwa majaribio?" Swali hilo ni la haki, na lina jibu. Kabla ya 2019 chanjo ilikuwa imechunguzwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Kilichobaki kilikuwa kuona kama itasaidia katika dispensari za kawaida kama zetu, kwa hiyo sehemu zilizopata zililinganishwa na zile zilizosubiri. Ilionekana kwamba katika nchi hizo tatu, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13 pale chanjo ilipotolewa.

SHIDA IKO WAPI?

Chanjo hii ni sindano nne. Ilipoanza, ratiba ilikuwa miezi 6, 7, 9 na 24. Ile ya miezi 9 ni rahisi kukumbuka kwa sababu mtoto anachanjwa surua pia. Baada ya hapo mtoto anatembea, anakula ugali, na mama ameshika jembe. Sindano ya nne inasahaulika, na kinga inaendelea kupungua.

Wengine hawakukataa, njia iliwafungia. Kuna kibarua wa miwa anayehamahama. Kuna familia za wachimba dhahabu kule Ikolomani. Kuna nyanya anayelea mjukuu, na kitabu cha kliniki kiko Nairobi kwa mama yake.

Wengine wana hofu. Mtoto akipata joto baada ya sindano, watu husema ameletewa malaria. Sivyo, chanjo haina kimelea hai. Joto hilo hutokea na kwa kawaida huisha. Lakini likizidi, au mtoto akishikwa na degedege, mrudisheni kliniki mara moja.

Wako pia wanaokumbuka mabishano ya 2014, maaskofu wetu Wakatoliki walipotilia shaka chanjo ya pepopunda. Anayeuliza asichekwe. Ile ilikuwa chanjo nyingine, na hii ni ya malaria. Mwelezeni hivyo kwa upole. Na jirani ambaye kanisa lake halitumii dawa, mtembeleeni kama jirani, msiende kama polisi.

TUFANYE NINI?

Kikundi chenu tayari kina dawa ya kusahau: kile kitabu cha mchango. Kila mwezi mnajua nani ametoa na nani bado. Basi:

1. Tengeni ukurasa wa watoto: jina, tarehe ya kuzaliwa, sindano alizopata, na tarehe ya kurudi kama nesi alivyoiandika. Fuateni hiyo, si ya kukisia.
2. Someni ukurasa huo kila mkutano kabla ya kuhesabu pesa.
3. Andikeni na watoto wa majirani wasio wanachama. Hao ndio huachwa nyuma.
4. Mwiteni mhudumu wa afya ya jamii aje mkutanoni kujibu maswali.
5. Chanjo ni bure katika vituo vya serikali, lakini bodaboda si bure. Toeni kidogo kwenye mfuko kumsaidia anayetoka mbali.
6. Tarehe ikipita, mama asikae nyumbani akiogopa kugombezwa. Mmoja wenu amsindikize. Nesi ndiye atakayesema kama bado inawezekana.

Angalieni: chanjo haizuii malaria yote. Neti ibaki kitandani, na mtoto mwenye homa apimwe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni mtoto yupi ambaye hakuna anayeuliza habari zake?
2. Ni nani anayeaminiwa na familia hiyo, na ataenda lini?
3. Leo tumeandika watoto wangapi?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la tatu.